Mtihani Juu ya Mtihani: Kidato cha Sita cha Mwaka 2020 katika Nyanda za Kati

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mtihani ni karatasi ya maswali iwekwayo mbele ya mwanafunzi, naye msimamizi akipita taratibu baina ya madawati. Mtihani, tena, ni dhiki imshukiayo mja bila ya kubisha hodi: mtu akifiwa, au akiunguliwa na nyumba, majirani humpa mkono na kumwambia kwamba huo ni mtihani, avute subira. Neno tumelipata kwa Waarabu, na maana zake zote mbili tumezitunza. Mwaka wa 2020 maana hizo zilikutana katika ukumbi mmoja, pale vijana wa kidato cha sita wa Tanzania nzima walipoketi kufanya mtihani wa taifa ilhali maradhi ya UVIKO-19 yangali yanazunguka ulimwengu.

Makala haya yanakusudia kuuangalia mkutano huo kama jambo la historia. Swali lenyewe ni hili: milango ya shule inapofungwa kwa ghafla, nchi itajuaje mwanafunzi amesoma nini, na itamwamini nani aiambie? Nitaliuliza nikiwa nimeuelekeza uso Dodoma na nyanda za kati, kwa kuwa huko ndiko maamuzi makubwa ya mwaka ule yalikotolewa, na huko, kama tutakavyoona, historia ya mitihani yetu imeacha nyayo nyingi. Msomaji wa visiwani asidhani kuwa hayamhusu. Kijana wa Lumumba hapa Unguja, au wa Fidel Castro kule Pemba, hukalia karatasi zilezile za Baraza la Mitihani la Tanzania anazokalia kijana wa Ugogo, siku ileile na saa ileile.

Kwanza tuyapange matukio. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amegundulika Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alizifunga shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Mtihani wa kidato cha sita ulikuwa umepangwa kuanza tarehe 4 Mei. Siku 30 zikatimia, na shule hazikufunguliwa. Serikali ikatoa kwa mara ya mwisho idadi ya wagonjwa, 509, na baada ya hapo hesabu ikanyamaza kwa muda mrefu. Tarehe 4 Mei ikaja, ikapita, na kumbi zikabaki tupu.

Machi, katika nchi ya Wagogo, ni mwezi wa ukingoni mwa mvua. Mvua huko ni za msimu mmoja tu, za kuanzia Desemba hadi Aprili, nazo ni chache; mtama na uwele huvunwa baada yake. Wanafunzi wa shule za bweni walibeba matranka yao wakatawanyika. Waliotoka Msalato, shule ya wasichana wenye vipaji maalumu iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, walikwenda mikoa ya mbali, kwani shule hiyo hukusanya wasichana wa nchi nzima. Waliokuwa na jamaa mjini waliweza kupata umeme, simu na vipindi vya masomo vya redio na televisheni vilivyoandaliwa katika wiki zile. Waliorudi vijijini, Chemba, Bahi au Mpwapwa, walikuta shamba linawangoja. Kijana wa miaka 19 hawezi kukaa chini ya mbuyu na daftari la Fizikia huku mama yake akikata masuke peke yake. Ndivyo, basi, watu waliokuwa darasa moja hadi Machi walivyokuwa watu wa hali mbalimbali kufikia Mei, na hakuna alama yoyote iliyoandikwa kuonyesha tofauti hiyo.

Nchi ile haikuwa ngeni wa mitihani ya namna hii. Baina ya mwaka 1917 na 1920, majeshi ya vita vikuu yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zilipokataa, iliingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 waliangamia. Katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa 1918, homa kuu ya mafua iliyouzunguka ulimwengu ilipita pia Afrika ya Mashariki. Lakini zama zile hapakuwa na shule ya sekondari katika nyanda hizo, wala cheti cha kumngoja kijana. Mwaka wa 2020 ulikuwa na jambo jipya: maradhi yalikuta nchi ambayo riziki ya kijana, chuo chake na hata heshima yake mbele ya jamaa vimefungwa katika bahasha moja ya matokeo.

Tarehe 21 Mei Rais John Magufuli alitangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vifunguliwe tarehe 1 Juni. Wizara ya Elimu, kwa kauli ya waziri wake Joyce Ndalichako, ikaupanga mtihani uanze tarehe 29 Juni na kumalizika tarehe 16 Julai. Hesabu yake ni nyepesi: siku 76 za kufungwa, majuma manne ya kujikumbusha, na mtihani uliosogezwa mbele kwa majuma manane barabara. Mwezi wa Juni kidato cha sita walikuwa peke yao katika shule zao, mabweni yakiwa na nafasi ambayo hawajapata kuiona. Jumapili ya tarehe 7 Juni, katika kanisa mjini Dodoma, Rais alisema kwamba maradhi yameondoka nchini kwa sala za wananchi. Tarehe 16 Juni, alipokuwa akilifunga Bunge mjini humo, alitangaza kwamba shule zote zilizobaki zifunguliwe tarehe 29. Kwa hiyo siku ambayo watahiniwa waliifungua karatasi ya kwanza ndiyo siku ambayo milango iliwafungukia wadogo zao wote.

Maswali yalikuwa ya kawaida, wasimamizi wa kawaida, na kufuli za vyumba vya kutunzia karatasi zilikuwa zilezile. Kilichoongezwa ni maji ya kunawia mlangoni. Watahiniwa zaidi ya 80,000 waliandikishwa. Matokeo yalitoka mwezi wa Agosti, na waliofaulu walizidi asilimia 98, karibu sawasawa na mwaka uliotangulia. Ukiyasoma matokeo hayo bila ya kujua tarehe, hutagundua kwamba mwaka huo kulikuwa na jambo.

Wenzetu walifanya nini? Kenya ilitamka mwezi wa Julai kwamba mwaka wa masomo umepotea, ikawarudisha watahiniwa darasani Oktoba, na mtihani wa kidato cha nne wa 2020 ukafanywa kuanzia Machi 2021. Uganda iliwarudisha watahiniwa Oktoba vilevile, lakini madarasa mengine yalisubiri hadi Januari 2022 ndipo shule zote zikafunguliwa. Hizo ni njia za kusubiri, kama yetu, ila subira yao ilikuwa ndefu zaidi.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Ilifuta mtihani, ikawaambia walimu wakadirie alama za wanafunzi wao. Kisha, kwa kuhofu kwamba walimu watakuwa wakarimu mno, ikazipitisha alama hizo katika kanuni ya hesabu iliyotazama, pamoja na mengine, jinsi shule ilivyofanya miaka ya nyuma. Tarehe 13 Agosti 2020 matokeo yakatoka, na karibu alama 40 katika kila 100 zilikuwa chini ya kadirio la mwalimu. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo haijawahi kung'ara aliburutwa chini na historia ya shule yake. Vijana wakamiminika barabarani, na baada ya siku nne kanuni ikatupwa, neno la mwalimu likarudishwa. Taasisi ya mitihani ya Cambridge, iliyofuta mtihani wake wa kimataifa na kutoa alama kwa makadirio, nayo ikalazimika kurudi nyuma wiki hiyohiyo.

Cambridge hii si jina geni kwa Dodoma. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni palikuwa mjini humo na shule ya sekondari ya makanisa iliyoitwa Alliance. Baadaye ilipewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Ugogo aliyekuwa na makao yake Mvumi, na tangu 2007 mahali pake pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kijana wa Alliance alipomaliza masomo, mwalimu aliyemfundisha hakuwa na kauli. Karatasi zilitiwa lakiri zikavuka bahari, zikasomwa na mtu asiyewahi kumwona mwanafunzi wala kuujua upepo wa Dodoma. Ulikuwa utaratibu wa kikoloni, na ndani yake mlikuwa na haki fulani ya ajabu: yule mtu wa mbali hakujua kijana ni mtoto wa nani.

Uhuru ulipokuja, wazo la kupimwa na mtu wa mbali lilianza kuwakera wenye nchi. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mitihani yetu hupima kumbukumbu, na kwamba haimpimi kijana akili ya kufikiri, tabia yake wala utayari wake wa kuwatumikia wenziwe. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na kwa Sheria Namba 21 ya 1973 ikaanzisha baraza lake yenyewe. Mwaka huohuo wa 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Maamuzi hayo mawili yalitoka katika nia moja, ya kuileta ndani mizani iliyokuwa nje. Tena yote mawili yalichukua muda mrefu kutimia kuliko walivyodhani walioyapitisha.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililokwenda mbali zaidi. Iliamuliwa kwamba mtihani wa mwisho usiwe ndio hakimu peke yake; kazi za mwanafunzi za kila siku, mradi wake na mwenendo wake viingizwe katika hesabu. Kuanzia 1976 utaratibu wa upimaji endelevu ukaingia mashuleni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya elimu yetu ya kisasa, mwalimu wa darasani alipewa kalamu ya kuandika katika cheti cha taifa. Mimi niliyejisomea mwenyewe kwa taa ya chemli, wala sikupata kukalia mtihani huo wa kidato cha sita, naliona azimio hilo kuwa ni miongoni mwa mambo ya kijasiri yaliyowahi kuamuliwa katika elimu yetu. Lilisema kwamba anayemjua mwanafunzi ni yule anayekaa naye.

Sasa msomaji ajiulize. Kama azimio la Musoma lingekuwa hai, Mei 2020 ingekuwaje? Kila shule ingekuwa na kumbukumbu ya miaka miwili ya kila kijana: mitihani ya mihula, kazi za maabara, insha, na mtihani wa utamilifu ambao kwa kawaida hufanywa miezi michache kabla ya ule wa taifa. Ghala lingekuwa limejaa, na nchi ingeweza kuchagua, kusubiri au kutumia akiba. Lakini hakuna aliyesikika akipendekeza kwamba vijana wapewe vyeti kwa alama za walimu wao. Wazo hilo halikukataliwa, kwa sababu halikupata hata kuletwa barazani. Ukimya huo ndio unaostahili kuchunguzwa na mwanahistoria.

Sababu zake ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Mwalimu mwenye makumi ya wanafunzi darasani, na vipindi vingi kwa siku, hana wasaa wa kumwandikia kila mmoja habari zake. Hujaza jedwali mwisho wa muhula. Mkuu wa shule hupimwa kwa ufaulu wa shule yake, na kwa hiyo alama zitokazo shuleni huvimba kama maandazi. Baraza nalo, likiona zimevimba, halizitegemei. Uzito wa alama hizo umebadilishwa mara kwa mara. Mwaka 2013, kwa mfano, wizara ilitangaza kwamba ziwe 40 katika 100. Kitu kinachobadilishwa uzito kila mara hakiwezi kuwa jiwe la mizani.

Mambo mawili yaliyotokea karibu yalizidisha hofu, na yote mawili yana alama ya Dodoma. La kwanza ni matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo watahiniwa 240,903 walipata sifuri, takriban sita katika kila kumi. Nchi ilitaharuki. Mwezi wa Mei serikali iliwaambia wabunge mjini Dodoma kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya. Yakapangwa, na ufaulu ukapanda hadi karibu asilimia 43, bila ya kijana hata mmoja kurudi kwenye dawati. Kwa hiyo miaka saba kabla ya Uingereza kuchomwa na kanuni yake, sisi tulikwisha kuona jinsi alama zinavyoweza kushuka na kupanda kwa kalamu ya ofisini.

La pili ni la Chemba. Septemba 2018 mtihani wa darasa la saba ulivuja, na Baraza likafuta matokeo ya shule zote za msingi za halmashauri hiyo ya mkoa wa Dodoma, pamoja na baadhi ya shule za mikoa mingine. Watoto walirudia tarehe 8 Oktoba. Walioharibu walikuwa watu wazima, na walioadhibiwa kwa kukaa tena walikuwa watoto wa miaka kumi na mitatu. Baada ya hayo ni kiongozi gani angethubutu, mwaka 2020, kusema kwamba neno la shule linatosha?

Kwa kuyazingatia haya, nasema kwamba uamuzi wa kusubiri na kuufanya mtihani ulikuwa, kwa hali tuliyokuwa nayo, uamuzi wa haki kuliko ule wa London. Mtoto wa mkulima wa Bahi alipewa karatasi ileile na mtoto wa waziri, na hakuna mashine iliyomuuliza shule yake ilifanyaje mwaka wa jana. Lakini tusijisifu kwa hilo. Tulichagua njia moja kwa kuwa tulikuwa na njia moja. Maradhi yangechelewa, au yangerudi kwa kishindo mwezi wa Julai katika kumbi zilezile, tusingekuwa na la kufanya. Aliye na kisima kimoja huomba tu kisikauke, na watu wa Dodoma wanaijua dua hiyo kuliko sisi wa pwani.

Tena wako ambao karatasi haikuwakuta. Msichana aliyepata mimba katika miezi ile mitatu hakuwa na ruhusa ya kurudi katika shule ya serikali. Katazo hilo liliondolewa tarehe 24 Novemba 2021, wakati kwake mtihani ulikwisha kupita. Mwalimu wake alijua uwezo wake tangu kidato cha tano. Alijua kwamba alikuwa akiongoza katika Kemia, au kwamba insha zake za Kiswahili zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Elimu hiyo ya mwalimu haikuwa na mahali pa kuandikwa, na kwa hiyo imepotea kana kwamba haikuwapo. Asilimia 98 ya waliofaulu ni asilimia ya waliokuwapo ukumbini. Asiyekuwapo hahesabiwi, wala mwenye kusoma jedwali hawezi kuliona pengo lake.

Ndipo namrejesha msomaji kwenye maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mbali ya mtihani tunayo maneno mengine mawili. Upimaji umetoka katika kupima, kama vile kupima nguo au mchele, na kipimo ni cha mara moja. Tathmini imetoka katika thamani. Kumtathmini mtu ni kusema ana thamani gani, na jambo hilo halifanyiki kwa saa tatu za asubuhi moja. Wizara na vyuo vya ualimu hulitumia neno tathmini kila siku katika nyaraka zao, ilhali kinachofanyika ni upimaji, na kwa kweli ni upimaji wa mara moja.

Janga jingine litakuja. Historia ya Ugogo peke yake yatosha kutuhakikishia hilo. Linaloweza kufanywa kabla yake halihitaji mashine wala mkopo. Mwalimu apunguziwe mzigo hata aweze kuandika anachokijua juu ya mwanafunzi, na kumbukumbu hiyo itunzwe mahali pawili, shuleni na nje ya shule, isiweze kuvimbishwa wala kupotea. Walimu wa shule moja wasahihishe kazi za shule nyingine mara kwa mara, ili neno la mwalimu lizoee kukaguliwa na lizoee kuaminiwa. Musoma iliyasema mengi ya haya mwaka 1974. Vijana walioingia ukumbini tarehe 29 Juni 2020, wakiwa wamenawa mikono, walifaulu mtihani waliopewa. Ule wa pili, wa kujua kama nchi inaweza kumwamini mwalimu wake, haukuwa wao kuufanya, nao ungali mbele yetu bila ya kujibiwa.